Kuku Aliyepiga Hodi

Jina alikuwa nalo, na zuri tu, lakini hatukulitumia. Siku alipokodi godauni la mbata za nazi pale Msambweni aliandika mlangoni kwa chaki, herufi kubwa kubwa: MWONGOZAJI. Watu waliokuwa wakienda sokoni wakasoma, wakacheka. "Aongoza nini huyu, na hata mbuzi hana?" Basi likashika. Ukimtaja Mwongozaji, kuanzia Ukunda mpaka Shimoni, watu walijua ni yule mama wa makaratasi, anayeshinda amejifungia na wanawake wenzake kwenye joto, wakisogeza vipande vya boksi juu ya kioo.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake hao. Nilisogeza miaka na miaka, na mgongo huu uliopinda ni wa kazi ile. Sisemi kwa kulalamika. Au tuseme nalalamika, kwani nani atanikataza?

Kazi yenyewe wengi hawakuielewa, kwa hivyo niieleze mara moja nipumzike. Alikuwa akitengeneza sinema za vikatuni, ndefu, za kukaa ukatazama mpaka chai yako ikapoa. Mwigizaji wake ni kipande cha karatasi ngumu ya boksi la sabuni, kimekatwa umbo la mtu au la mnyama, viungo vimeshonwa kwa uzi ili vipinde. Unakilaza juu ya kioo. Kamera imefungwa juu kwenye boriti za mikoko alizoagiza kutoka kijiji cha Bodo, inatazama chini. Unausogeza mguu kidogo, upana wa ukindu mmoja. Unaondoa mkono. Mwongozaji anapiga picha moja. Unasogeza tena. Picha zile zikija kupitishwa kwa kasi, karatasi inatembea. Unainama asubuhi nzima, halafu unaambiwa mtu wako amevuka uwanja tu.

"Sogeza," alikuwa akisema. "Toa mkono. Piga." Nimeyasikia maneno hayo kuliko nilivyosikia jina langu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania wakati wa kula. Nikimpelekea sahani karibu, ananiambia, "Haya, toa mkono, nipige."

Umeme hatukuwa nao. Mwanga wetu ulikuwa jua, lililoingia dirishani na kurushwa mezani na kioo cha kabati la nguo. Wingu likipita, wote tunasimama na mikono hewani tukingoja. Ukizembea ukapiga picha wingu likiwa juu, katika sinema giza linaruka ghafla na watazamaji wanaanza kutafuta mvua inatokea wapi. Masika yote hatukupiga kitu. Sisi wasogezaji tulikaa tukasuka mikeka, naye alikaa kizingitini akilitazama anga kwa hasira ya mtu aliyeahidiwa akadanganywa. "We jua," nilimsikia akisema mara moja, "una kazi gani nyingine leo?"

Alikuwa mtu wa subira kwa karatasi, na hana subira hata kidogo kwa binadamu. Mkia wa paka angeweza kuushughulikia juma zima, lakini chai ikichelewa kuchemka ananywa maji ya moto yenye majani yanaelea. Alikula amesimama. Mazungumzo ya watu aliyakata katikati, ukianza kumweleza habari za harusi tangu posa, yeye anauliza, "Wameoana au hawakuoana?" Na sinema za watu wengine hakuweza kuzitazama mpaka mwisho. Aliwahi kupelekwa Mombasa kutazama moja, akatoka nje baada ya muda mfupi. Nilipomuuliza vipi, alijibu kwamba farasi alikuwa akitembea vibaya.

Miguu ya watu ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Alimfuata mtu barabarani, nyuma nyuma, kutazama kisigino kinavyoinuka. Siku moja mama mmoja muuza samaki kutoka Funzi akageuka na karai lake kichwani.

"Bibi, una deni na mimi?"

"Sina."

"Basi wanifuatia nini?"

"Nakuazima mwendo wako."

"Lo! Na mimi nitatembea na nini?" Yule mama akacheka mpaka akalitua karai. Mwendo wake alipewa korongo katika sinema yetu ya pili, na aliyemjua yule mama na kumwona yule korongo hakuhitaji kuambiwa.

Alisomea kazi yake Ulaya, kwa nafasi za masomo zilizotolewa nchi ilipopata uhuru. Ya huko hakuyasimulia. Tulijua mambo mawili tu: kwamba vidole vyake vilipasuka kwa baridi, na kwamba walimfunza kukata. "Mtu akigusa mlango," alituambia, "usimwoneshe akiufungua, akiingia, akitafuta kiti. Kata. Mwoneshe ameshakaa anakula. Mtazamaji atajua mwenyewe alipitia wapi." Maneno hayo aliyasema kwa fahari siku za mwanzo. Nayakumbuka kwa sababu ndiyo yaliyotugombanisha.

Kulikuwa na ofisi ya serikali huko Nairobi iliyotengeneza picha za kuwafundisha watu vijijini, za kuonyeshwa kwa gari la sinema. Ofisi hiyo ndiyo iliyompa filamu mbichi, ambayo haijapigwa picha, na kazi ya kwanza: picha fupi ya kuwahimiza watu wafunge mabanda ya kuku. Fupi, walisisitiza. Yeye akatunga habari ya kuku wa Kikoneni aliyenyang'anywa vifaranga na mwewe. Kuku anafunga safari kushuka pwani kumtafuta wa kumwamulia, na kila nyumba anayofika anaambiwa kitu kuhusu banda. Ilikuwa habari nzuri. Tulimkata kuku wetu kwenye boksi, tukamchora manyoya, na Mishi akaongeza jambo lake: akamvisha leso.

Mishi alikuwa mkubwa wetu, msogezaji mwenye mkono mtulivu kuliko wote, mjane, mtu wa sala zake na maneno machache. Kuku alikuwa wake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumgusa. Siku ya kuku kufika nyumba ya kwanza, Mwongozaji alitoka kwenda kuupokea mzigo wa filamu kwenye basi, akatuachia kamera, maana tulikwisha kujua kuipiga. Aliporudi adhuhuri alitegemea kumkuta kuku ndani, amekaa. Alimkuta bado yuko nje.

"Amekwama nini huyu?"

"Hajakwama," Mishi akasema. "Apiga hodi."

Na kweli alikuwa akipiga hodi. Mishi alimfikisha kuku mlangoni, akamsimamisha pembeni, asije akaonekana anachungulia ndani ya nyumba ya watu. Akamwinua bawa, akabisha. Akamrudisha hatua nyuma. Akamwinamisha kichwa. Akamtengenezea leso. Akamwacha angoje, maana mwenye nyumba huenda yuko jikoni, huenda yuko kwenye sala. Akabisha tena. Asubuhi nzima ya jua safi, na filamu chungu nzima, vimekwenda kwa kuku kusimama mlangoni.

Mwongozaji alipandisha sauti mpaka watu wakaja kusimama nje. Ni kuku! Kuku haombi ruhusa! Filamu hii inatoka ng'ambo, hainyeshi kama mvua! Mwingize ndani, kata, basi!

Mishi alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha akamlaza kuku vizuri juu ya kitambaa. "Mimi, mwanangu, siwezi," akasema. "Aingie nyumba ya mtu hivi hivi, mgeni, tena mwanamke, tena ana shida? Hata kama ni kuku. Watu wataona ni mkono wangu uliomwingiza." Akachukua buibui lake akaenda zake kwao.

Kazi ikasimama. Mwongozaji alijaribu kumsogeza kuku yeye mwenyewe, na kuku akatembea kama amelewa. Mimi nilijaribu, ikawa mbaya zaidi. Mwishowe akaniambia nimfuate, tukaenda kwa Mishi, jua la utosini.

"Hodi!" Kimya. "Hodi hapa!" Kimya bado. Mlango ulikuwa wazi na pazia limeshuka, na ndani tulisikia kusali, kwa sauti ya chini. Mwongozaji aliutia mguu mmoja kizingitini, akanitazama, akaurudisha. Akasogea pembeni ya mlango. Akajitengenezea leso kichwani. Akainamisha kichwa akangoja, na jasho likimtiririka. Nilimwona usoni alipojiona alivyosimama. Alikuwa amesimama vile vile alivyosimama yule kuku.

"Hodi," akasema mara ya mwisho, kwa sauti ya kawaida.

"Karibu," Mishi akajibu kutoka ndani. "Karibu, umepigwa na jua."

Hawakuzungumza habari za ugomvi. Walizungumza habari za joto, wakaulizana hali ya watu wa nyumbani mpaka wa Kikoneni. Na kesho yake godaunini Mwongozaji alisema, bila kumtazama mtu, "Mwacheni kuku apige hodi."

Ndipo picha fupi ikawa sinema ndefu. Kila nyumba kuku alipiga hodi, na kila nyumba kwa namna yake: kwa kadhi alitahadhari zaidi, kwa mzee kiziwi alibisha mpaka bawa likachoka, kwenye nyumba ya msiba alikaa nje pamoja na waliokaa. Mlango ulipofunguka aliingia. Tuliomba filamu tena, na tena, na Nairobi wakadhani tunaila. Nywele za Mwongozaji zilianza kutoka mvi katika kazi ile, na mimi nilizaa na kumwachisha ziwa mtoto kabla kuku hajafika pwani. Tulichoka, jamani. Lakini siku tulipoitazama nzima kwenye kijimashine chake cha kutazamia filamu, kinachozungushwa kwa mkono, chenye kioo kidogo kama kisahani cha kahawa, tukipokezana jicho, Mishi alisema "Mashaallah" na machozi yakamtoka, nami yakanitoka.

Ikapelekwa Nairobi. Huko ofisini akaikagua bwana mmoja, kijana wa suti, na kwa haki alikuwa na kazi yake: gari lina safari nyingi na watu wanatakiwa wajue habari za mabanda. Aliona kuku anasimama milangoni bila kufanya kitu. Akachukua mkasi. Hodi zote akazitoa, akaacha tu mlango unafunguka na kuku anaingia. Hakutuuliza.

Gari la sinema lilipokuja Msambweni baada ya magharibi, mji mzima ulikuwapo uwanjani, na sisi wasogezaji tulikaa mbele kwenye mkeka, tumejipamba, Mishi katikati. Kuku wetu akatokea kwenye shuka nyeupe, watu wakapiga makofi. Akafika nyumba ya kwanza. Mlango, vup, yuko ndani. Watu wakanong'ona. Nyumba ya pili, vup. Kwenye nyumba ya msiba aliwapita waliokaa nje kama hawaoni, akaingia.

"Ala! Kuku gani huyu hana adabu?" mwanamke mmoja akasema nyuma yetu.

"Muulizeni aliyemlea," akajibu mwingine, na uwanja mzima ukacheka, maana kila mtu alijua kuku ni wa Mishi.

Mishi alijifunika leso uso mzima. Aliinuka akaondoka katikati ya watu, akipita ameinama, akiomba radhi kwa kila aliyemkanyaga. Mwongozaji hakumfuata. Alikwenda kwa yule bwana wa suti, aliyekuja na gari, akamuuliza vipande viko wapi. Akajibiwa kwamba vimetupwa. Nilikuwa karibu, nikamwona anainama kuvitafuta chini ya gari. Sijapata kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea siku ile, na mwenyewe nilikuwa nimeona aibu ya kutosha.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka watu wa Msambweni wamwone kuku akipiga hodi, ili aibu ile imtoke Mishi. Aliandika Nairobi. Alikwenda Nairobi. Kila aliyeingia ofisi ile, na walibadilishwa kweli kweli, aliulizwa kuhusu vipande. Kuirudia haikuwezekana, kwa kuwa filamu mbichi ilitolewa kwa kazi mpya tu, si kwa kurudia ya zamani. Basi alikubali kazi mpya. Alitengeneza sinema ya pili, ya korongo, ikasifiwa mpaka nchi za nje. Akatengeneza ya tatu, ndefu kuliko zote. Katika zote hizo watu na wanyama walipiga hodi, na aliyetaka kukata aliambiwa achukue mkataba wake. Lakini pale Msambweni hakukubali zionyeshwe hata moja. "Bado," alikuwa akisema. "Aanze kuku." Watu wakaona ni maringo, wakamwambia hivyo, naye hakujitetea.

Mishi aliendelea kusogeza. Korongo ni mkono wake. Lakini kisimani hawakumwacha. "Mama Kuku, leo umebisha?" Utani tu, watu hawakuwa na nia mbaya, na yeye alikuwa akitabasamu. Akaenda nao mpaka kaburini, utani ule. Siku ya mazishi Mwongozaji alikaa nje na wanawake, na baada ya arobaini alifunga godauni. Sinema ya nne ilikuwa imefika katikati. Makaratasi yake yaliliwa na mchwa, naye akahamia Bodo kwa ndugu zake. Ukimuuliza kwa nini hakumaliza, alijibu, "Nimechoka," na ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa hatujaonana muda mrefu aliponiita. Mtu wa Bodo alipita kwangu akasema, yule bibi wa picha akutaka, wala usikawie. Nilikuwa mtu mzima tayari, ninatembea na fimbo. Nilifika nikasimama pembeni ya mlango.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mimi, msogezaji wako. Shikamoo, Mwongozaji."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ukae."

Macho yalikuwa yamekwisha. Yalikuwa na ukungu mweupe, na alinitazama begani akidhani ndiko usoni. Chumbani mlinuka siki. Kitandani palikuwa na makopo ya filamu, mengine mapya kwangu, mengine niliyajua kutu yake. Akanieleza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuharakisha. Ile nakala ya kuku iliyotembezwa na gari iliisha kwa kutembezwa. Nakala zake mwenyewe, ya korongo na ya tatu, zilikuwa humu kwenye makopo, na joto letu la pwani limezigeuza gundi. Ukifungua ndiyo hiyo harufu. Hakuna iliyobaki. Lakini ile ofisi imehamia jumba jipya, na mtunza stoo akakuta nyuma ya kabati kopo lililoandikwa Msambweni, akalipakia kwenye basi.

"Fungua," akasema. "Mimi nimelifungua nikapapasa tu. Vipande vingapi sijui. Ni vifupi vifupi."

Nilifungua. Havikutupwa. Vilikaa kwenye baridi ya Nairobi miaka yote hiyo, vikavu, safi. Nilikiinua kimoja dirishani, kwenye mwanga. Leso ya Mishi.

"Ni yeye," nikasema. "Ni kuku. Ni hodi zake."

Alinyoosha mkono akakigusa kipande kile. Kisha akauliza, "We bado ni mtu wa Msambweni?"

"Nitakuwa wa wapi?"

"Basi tazama. Wewe ndiye Msambweni yangu."

Kijimashine chake kilikuwapo chini ya kitanda, na taa yake ya betri iliwaka. Niliviunganisha vipande kwa utepe, kwa vidole hivi vya baridi yabisi, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Yeye alikaa kando yangu, mkono wake juu ya wangu, nikaanza kuzungusha.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Mlangoni. Nyumba ya kwanza."

"Amesimamaje?"

"Pembeni. Haangalii ndani."

"Amepiga hodi?"

"Amepiga. Amerudi nyuma. Ametengeneza leso. Anangoja."

"Uzuri wake, Mishi," akasema. "Uzuri wake."

Hapo kipande kikaisha. Mlango kufunguka na kuku kuingia, yule bwana alibaki navyo kwenye sinema yake, navyo vikafa na sinema ile. Kwenye kopo letu hapakuwa na mlango hata mmoja uliofunguka. Nilitazama kwa haraka mbele, cha kadhi, cha mzee kiziwi, cha msiba: vyote vimekatwa pale pale, kuku akiwa ameinamisha kichwa anangoja kuitikiwa. Nilisita kuzungusha.

Alihisi mkono umesimama. Miaka na miaka aliisoma mikono yetu, hakuhitaji kuelezwa. Akaugeuza uso wake kwenye ule mwanga mdogo asiouona.

"Karibu," akasema.

Nikazungusha. Kuku akafika kwa kadhi, akabisha, akangoja.

"Karibu."

Nikazungusha, na yeye akaitikia, kila nyumba, bila kuharakisha, mpaka nyumba ya mwisho, ile ya ufukweni, ambako kuku wetu amechoka na leso imechakaa. Hapo alichelewa kidogo kujibu. Nikadhani amesinzia.

"Karibu, mama," akasema. "Pita ndani, ukae. Kikoneni ni mbali."